Kwenda Idjwi na kutembea Idjwi: maswali tunayoulizwa kila mara

Naishi Goma, upande wa Kyeshero, si mbali na bandari ya Kituku, na nusu ya ukoo wa mke wangu iko Bugarula, kisiwani Idjwi. Basi kila anayetaka kwenda Idjwi, awe mfanyakazi wa shirika, mwanafunzi anayetafuta habari za TFC yake (kazi ya kumaliza masomo) ao mfanyabiashara wa mananasi, anapewa namba yangu. Nimechoka kujibu kwa sauti za WhatsApp, nimeyakusanya hapa. Maswali nimeyaacha karibu jinsi yalivyoulizwa.

Idjwi ni nini hasa? Kijiji, mji, ao nini?

Ni kisiwa kikubwa ndani ya ziwa Kivu, na kwa utawala ni teritware nzima (kama wilaya) ya jimbo la Kivu Kusini. Makao makuu yake ni Bugarula, upande wa kaskazini. Eneo lake ni kama kilometa za mraba 340. Katika visiwa vya maziwa ya Afrika, kinachokizidi ni Ukerewe ya kule ziwa Victoria. Kina sheferi mbili, yaani maeneo ya kichifu: Rubenga kaskazini, Ntambuka kusini, kila moja na Mwami wake. Wenyeji wengi ni Wahavu, na Wambuti wamo humo tangu zamani. Idadi ya watu? Sensa ya mwisho ya Kongo ilifanyika mwaka 1984, kwa hiyo anayekupa namba kamili anakuchezea. Makadirio mengi yanapita 250,000.

Jambo moja lishike mapema, maana linaeleza mengi ya chini. Karatasi za Idjwi zinakwenda Bukavu, kwenye jimbo lake. Ndizi na mananasi yake, hasa ya kaskazini, yanakuja Goma, kwenye jimbo la jirani, Kivu Kaskazini. Ofisi iko kusini, soko liko kaskazini, na gavana anayeulizwa juu ya gati la Idjwi si yule anayetawala gati ambako boti zake zinafikia.

Kuna daraja? Kuna ndege?

Hapana. Na hapana. Upande wa magharibi kuna maji ya kilometa 10 hadi 15 kati ya kisiwa na nchi kavu ya Kongo, na ziwa hili ni la vilindi. Ndege za abiria hazitui Idjwi. Ni boti, ao unabaki nyumbani.

Mukubwa, nikiwa Goma naanzia wapi?

Kituku. Kuna bandari nyingine mjini: ile ya umma iliyo chini ya SNCC, shirika la reli la serikali, na zile za binafsi ambako canot rapide (boti za mwendo kasi) za Bukavu zinapakia. Lakini boti za mbao za Idjwi, za Minova na za vijiji vya Kalehe zinafika Kituku. Ni soko na bandari kwa wakati mmoja. Usitafute kibanda cha tikiti chenye kioo. Utakuta ndizi zimelundikwa, mihogo, makala (makaa), wamama wanaojadiliana bei huku miguu iko majini, watu wanaochota maji kwa bidoni, na juu, kwenye mawe ya lava, vijana wa chukudu (kigari cha mbao cha magurudumu mawili) wanaosubiri mzigo wa kupandisha mjini.

Hapo uliza kwa jina la gati unalokwenda, usiulize "boti ya Idjwi". Kisiwa ni kirefu. Mtu aliyeshuka gati lisilo lake anaweza kumalizia siku nzima juu ya pikipiki, tena kwa bei inayopita ya boti. Sema "Bugarula", sema "Kihumba", na kama una mwenyeji anayekusubiri, mpigie simu umpatie nahodha waelewane wenyewe kwa Kihavu. Ni dakika mbili zinazookoa mengi.

Boti hufuata soko, si saa ya ukutani. Asubuhi mapema zinatoka kisiwani zimejaa mazao, zinauza Kituku, halafu zinarudi na chumvi, sukari, sabuni, saruji, bia, mafuta ya taa na ya pikipiki. Kwa hiyo mtu wa Goma anayekwenda kule mara nyingi anasubiri wafanyabiashara wamalize kuuza. Chukua kitu cha kula.

Na kutoka Bukavu?

Bukavu iko karibu zaidi na upande wa Ntambuka, yaani Kashara, Monvu, Mugote na vijiji vya kusini. Boti ndogo zinatoka kwenye magati madogo ya pwani ya mji, kama upande wa Beach Muhanzi. Kanuni ni ileile: taja gati. Anayekwenda kaskazini kabisa, Bugarula, akitokea Bukavu ajipime mara mbili: boti ya moja kwa moja ikipatikana ni vizuri, lakini kushuka kusini na kupanda pikipiki mpaka kaskazini ni safari ya kuumiza mgongo.

Canot rapide ya Goma–Bukavu haiwezi kuniangusha Idjwi njiani?

Swali zuri, kwa sababu kwenye ramani inaonekana kama inapita mlangoni. Kweli inapita: njia ya boti za Goma na Bukavu inabaki maji ya Kongo, magharibi ya kisiwa, na abiria anaona milima ya Idjwi muda mrefu. Lakini canot rapide imepangwa kufika, kwa masaa mawili na nusu ao matatu, na kila kusimama kunakula mafuta. Meli kubwa zinazosafiri usiku zinaondoka jioni na kufika asubuhi, nazo hazijengwi kwa ajili ya magati madogo ya mawe. Uliza siku hiyohiyo, ofisini kwao. Usipande kwa kutumaini kwamba utamshawishi kapteni katikati ya maji.

Safari inachukua muda gani?

Goma hadi kaskazini ya kisiwa kwa boti ya mbao yenye motere: masaa mawili hadi manne. Tofauti ni mzigo, upepo, na kama motere ni mpya ao ni mzee wa kikohozi.

Saa gani ni nzuri ya kuvuka?

Asubuhi. Alfajiri ziwa limelala. Jua likishapanda, nchi kavu inapata joto, upepo unaamka, na mchana kuelekea jioni mawimbi yanaanza kupiga ubavu wa boti. Wakati wa mvua, kuanzia mwezi wa tisa mpaka wa tano, dhoruba inaweza kushuka kutoka milimani kwa haraka, na boti iliyojaa haina pa kukimbilia. Kiangazi kina anga safi, lakini upepo wake pia si wa kuchezea.

Ubaya ni kwamba soko linavuta upande mwingine. Mfanyabiashara anauza asubuhi, ananunua saa sita, anarudi saa nane ao tisa, yaani hasa wakati upepo umepanda. Huyo hakuchagua saa mbaya kwa ujinga. Kulala Goma ni kulipa chumba, chakula na mlinzi wa mzigo. Ukiwa na njia, lala, uvuke kesho asubuhi. Usiku, katika boti ndogo isiyo na taa, usivuke.

Nisema ukweli, naogopa. Boti hizi ni salama?

Kuogopa si aibu. Lakini uogope mahali panapostahili.

Watu wengi wanaogopa katikati ya ziwa. Wanafumba macho pale kisiwa na pwani vyote viko mbali, halafu wakiona nyumba za Goma wanapumua, wanasimama, wanaanza kutafuta mizigo yao. Mimi naona ni kinyume: hatari inapakiwa kwenye gati la kuondokea, na mara nyingi inalipuka kwenye gati la kufikia. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti ya Merdi, iliyotoka Minova, ilipinduka mbele ya Kituku, watu wa pwani wakiangalia. Makumi ya watu walikufa wakiwa wameshaona soko. Video ya boti ile ikilala ubavu wote tuliiona, na bado kuna watu hapa mtaani wasioweza kuiangalia mara ya pili.

Kwa nini inatokea hivyo? Boti inabaki wima kwa sababu uzito wake mwingi uko chini. Ukijaza mifuko mpaka ukingoni, halafu ukakalisha watu juu ya mifuko, uzito umepanda juu. Inaweza kusafiri hivyo masaa matatu bila shida, maji yakiwa tulivu na watu wakiwa wamekaa. Inapokaribia, mawimbi ya pwani yanaisukuma, wabeba mizigo wanaivuta, watu wote wanasimama kwa wakati mmoja na kuegemea upande wa gati. Inatosha.

Basi angalia haya kabla ya kupanda, na usione haya kurudi nyuma:

Ukingo wa boti uko juu ya maji kiasi gani? Kama unaweza kunawa mikono ukiwa umekaa ndani, shuka. Watu wamekaa juu ya mzigo ao ndani ya boti? Kuna motere ya pili, ao angalau makasia? Nahodha ameandika majina? Ile karatasi inaonekana kama usumbufu wa serikali, lakini ajali ikitokea bila orodha, hakuna anayejua ni nani wa kutafutwa. Baada ya ajali ya Aprili 2019 upande wa Kalehe, watu wapatao 150 walitangazwa kuwa hawajulikani walipo, na neno "wapatao" lilitumika kwa sababu hakuna aliyekuwa na hesabu.

Baada ya ajali hiyo Rais Félix Tshisekedi alikuja mwenyewe, na jile la kuokolea majini likatangazwa kuwa la lazima. Utaliona. Swali ni kama umelivaa na kufunga kamba, ao umelikalia kama mto kwa sababu ubao ni mgumu. Jile lililofungwa chini ya mifuko ya saruji ni mapambo. Nunua lako mwenyewe kama unavuka mara kwa mara. Ukikosa kabisa, bidoni tupu ya lita ishirini yenye kifuniko kizima, shingo yake ikiwa na kamba, ni bora kuliko kuomba tu.

Na mkifika: kaa. Acha wengine wakanyagane.

Ni kweli gesi ya ziwa inaweza kuzamisha boti?

Hili linaulizwa zaidi na wageni, lakini hata wazee wetu wana hadithi zao. Ndani ya ziwa Kivu kuna gesi nyingi sana: kaboni dioksidi kilometa za ujazo kama 300, na methani kama 60. Lakini gesi hiyo imeyeyuka ndani ya maji ya chini kabisa, kuanzia mita kama 260 kwenda chini, katika ziwa linalofika karibu mita 485. Maji yale mazito yenye chumvi yamekandamizwa na maji mepesi ya juu, na matabaka hayo hayachanganyiki kirahisi. Boti inayopita juu haiyasumbui. Upande wa Rwanda, karibu na Kibuye, mtambo wa KivuWatt unayavuta maji hayo kwa mabomba na kuzalisha megawati 26 za umeme.

Hofu ya wataalamu ni nyingine: kitu kikubwa kiyavuruge yale matabaka, kama volkano chini ya ziwa. Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma na kuingia ziwani, na matabaka yalibaki mahali pake. Ziwa Nyos la Kameruni liliachia gesi yake mwaka 1986 na kuua watu zaidi ya 1,700, ndiyo maana ziwa letu linachunguzwa. Hiyo si sababu ya kukosa boti ya Bugarula.

Gesi inayoua watu wetu kwa kweli ni mazuku, ile ya kwenye mabonde madogo na mashimo ya pwani, magharibi ya Goma kuelekea Sake. Haina rangi, inalala chini. Usilale kwenye shimo la pwani ukisubiri boti, na mtoto asichezee humo asubuhi mapema.

Na mamba? Hakuna. Kiboko naye usimhofu.

Nikishuka, natembea na nini kisiwani?

Miguu na pikipiki. Barabara za Idjwi ni za udongo, zinapanda na kushuka milima, na lami haipo. Gari ni chache sana: la hospitali, la mission, la shirika, na kila moja lilivuka maji juu ya chombo kikubwa kwa gharama ambayo mwenye nalo hapendi kukumbuka. Mzigo wa kijiji unakwenda kichwani ao mgongoni mwa mama kwa kamba ya kipaji cha uso. Chukudu, ambayo hapa Goma inabeba mpaka kitanda cha harusi, haikuumbwa kwa miteremko ile.

Wamotari wa kule ni hodari, nawasifu bila shaka. Lakini elewana bei kabla ya kupanda, na uulize kama mvua ilinyesha jana. Udongo wa Idjwi ukilowa unateleza kama sabuni, na safari ya saa moja inageuka masaa matatu pamoja na kushuka kusukuma. Vidaraja vingi ni vya miti. Mvua kubwa ikivunja kimoja, kijiji kinatoka salongo (kazi ya pamoja) siku ya posho, yaani Jumamosi, kukirudisha, na mpaka hapo watu wanazunguka ao wanachukua mtumbwi kutoka gati moja hadi jingine. Hilo la mwisho wageni hawalifikirii: hata kutoka kijiji hadi kijiji, ndani ya kisiwa kilekile, njia fupi mara nyingi ni ya maji.

Kwa nini kila kitu kule ni ghali wakati chakula ni cha bure?

Cha bure si kweli, lakini nanasi la Idjwi shambani kwake linauzwa kwa bei ya kuhurumia. Halafu linabebwa kichwani mpaka gati, linalipa gati, linalipa boti, linalipa mbebaji wa Kituku, linalipa kodi ya soko, linalipa chukudu. Mama wa Birere, hapa Goma, analinunua akidhani mkulima ametajirika. Kurudi ni hivyohivyo kwa msumari, saruji na petroli: petroli inavuka kwa bidoni, kwa hiyo nauli ya pikipiki inabeba nauli ya boti ndani yake.

Nanasi lina ubaya wa pili: halisubiri. Boti ikikosa kuondoka siku mbili kwa sababu ya upepo, muuzaji anakubali bei yoyote. Wanunuzi wa Kituku wanaijua hali hiyo vizuri kuliko mtabiri wa hali ya hewa.

Mgonjwa ao mama mjamzito afanyeje usiku?

Hospitali kubwa ya kisiwa iko Monvu, kusini, na kuna vituo vya afya vijijini. Kwa aliye kaskazini, Monvu ni mbali kwa pikipiki, na mama mwenye uchungu juu ya pikipiki kwenye barabara ile ni jambo la kusikitisha kusimulia. Kesi ngumu zinavushwa Bukavu ao Goma. Shida ni saa: mtumbwi wa usiku, upepo, petroli ya kutafutwa mlango kwa mlango, na nahodha wa kuamshwa.

Ushauri wa wakunga wa kule ni rahisi, nao naurudia: mama aliyewahi kupasuliwa, mwenye mapacha, ao mwenye presha asisubiri uchungu uanze. Avuke mapema, mchana, akae kwa ndugu karibu na hospitali. Familia iweke pembeni pesa ya boti kama inavyoweka ya nguo za mtoto. Na namba ya nahodha iwe kwenye simu ya watu wawili.

Natakiwa karatasi gani?

Kwa Mkongomani, karte ya uchaguzi ndiyo kitambulisho kinachoombwa kila mahali. Mgeni awe na pasipoti na viza, na ategemee kuonana na watu wa uhamiaji (DGM) wakati wa kushuka, maana Idjwi ni teritware ya mpakani hata kama humwoni jirani. Mzigo wa biashara una karatasi zake. Omba risiti kwa kila unacholipa. Anayekataa kuandika risiti amejibu swali lako.

Rwanda iko karibu hivyo? Kwa nini kisiwa si chao?

Ncha ya kusini ya Idjwi iko kama kilometa 1 tu kutoka rasi ya Rwanda. Wajerumani na Wabelgiji waligombania maji haya, na mpaka uliowekwa Bruseli mwaka 1910 ulikiacha kisiwa upande wa Kongo. Septemba 1914, vita vya kwanza vya dunia vilipoanza, Wajerumani walikuja kukiteka, hawakudumu nacho. Wenyeji hawakuulizwa mara zote mbili.

Ukaribu huo ni ndugu, ni ndoa, ni biashara, na pia ni magendo. Kwa miaka mingi kahawa ya Idjwi ilivuka usiku kwa mitumbwi kwenda Rwanda, kwa sababu upande huu mkulima hakuwa na mnunuzi wa maana. Mitumbwi ya usiku, imejaa, bila taa kwa makusudi ili isionekane. Wanaume wengi hawakurudi, na vijiji vya pwani vina wajane wa kahawa mpaka leo. Vyama vya ushirika vilipoanza kuosha kahawa kisiwani na kuiuza nje kwa jina la Idjwi, sababu ya kuvuka usiku ilipungua. Napenda kuwakumbusha hili wanaosema usalama wa ziwa ni kazi ya askari wa majini peke yao: mashine ya kuoshea kahawa ilifanya zaidi ya doria.

Vita vimebadilisha nini?

Vimeongeza watu majini. Mwanzoni mwa 2024 barabara ya Goma–Sake–Minova ilipokatwa na mapigano, waliokuwa wakipanda gari walishuka kwenye boti, bila boti kuongezeka kwa kiasi hicho. Merdi ilipinduka katika msongamano huo. Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma, Februari wakaingia Bukavu; uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa, mabenki pia, na boti zilisimama kwa muda kabla ya kurudi. Tangu hapo ziwa limekuwa barabara kuu ya miji miwili, na pesa ya simu ndiyo inayolipa mengi. Amri za saa na za vizuizi zinabadilika, kwa hiyo uliza siku yenyewe, Kituku kwenyewe. Usitegemee ujumbe uliozunguka wiki jana.

Kama njia ni ziwa, kwa nini hawajengi magati ya maana?

Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Kila mara mradi ukitangazwa kwa Idjwi, nasikia barabara. Barabara inahitajika, sikatai. Lakini fuata gunia la mihogo tangu shambani: linaumia wapi? Linaumia mwisho wa barabara, pale udongo unapoishia majini na hakuna kitu. Gati nyingi za kule ni mawe yaliyopangwa, ubao mmoja, na mabega ya vijana. Boti haiwezi kukaribia, basi watu wanabebwa mgongoni, gunia linapita mikono mitano, na boti inayumba muda wote wa kupakia. Hakuna anayeweza kuona kama imezidi, kwa sababu hakuna alama ya mzigo iliyochorwa ubavuni wala mtu wa kuisoma. Na abiria wanapakiwa mwisho, juu ya kile kilichokwisha kupangwa.

Gati la saruji lenye ngazi, lenye kina cha kutosha boti ilale ubavu kwa utulivu, paa la kusubiria mvua, taa ya sola, kibanda cha mtu wa kuandika majina: hayo si mambo ya matrilioni. Yangepunguza ajali, yangefupisha kupakia, na mfanyabiashara angeweza kuondoka Kituku saa tano badala ya saa tisa. Tena upande wa Goma na Bukavu yanahitajika zaidi kuliko kisiwani, maana huko ndiko boti kumi zinafika pamoja.

Nani ajenge? Hapo kila mmoja anamwonyesha mwenzake. SNCC ina bandari za umma za miji. RVF, shirika la serikali la njia za maji, inahusika na alama za njia majini. Kuna ofisi ya ziwa ya usafiri inayotoa ruhusa, kuna jimbo, kuna teritware, kuna sheferi inayokusanya kodi ya gati, na kwa kuwa boti inaondoka jimbo moja kufikia jingine, hesabu zote zinagawanyika mara mbili. Abiria analipa karibu kila mmoja wao vijisenti fulani. Sheferi ikitangaza hadharani kodi ya gati ya mwaka na ilichojenga, mimi nitakuwa wa kwanza kupiga picha na kuisambaza.

Naweza kuvuka na pikipiki yangu? Na mbuzi?

Pikipiki ndiyo: toa petroli kwenye tanki, ilazwe chini ya boti, isisimamishwe juu ya magunia. Mbuzi wanavuka kila siku na wametulia kuliko watu. Ng'ombe ni mjadala na nahodha, na mimi siwezi kupanda boti hiyo.

Yaya, nipatie basi namba ya nahodha mzuri.

Namba za watu siweki hapa. Shuka Kituku asubuhi, tafuta wamama wanaouza mananasi, uwaulize wao wenyewe wanarudi na boti ya nani. Wao wanavuka na mtaji wao wote na watoto mgongoni. Boti wanayoikataa, na wewe ikatae.